Wembe wa Pili: Historia Fupi kwa Anayeanza

Leo tunaweka tarakilishi kando, ingawa hatuendi mbali na teknolojia. Nataka tuzungumze kuhusu wembe wa kukunja: ule wenye mpini na makali upande mmoja, unaofunguliwa kama kisu cha mfukoni, ukanolewa na kutumika miaka nenda miaka rudi. Sizungumzii ule mwembamba wa dukani ambao sisi huununua kwa shilingi chache, tukakatia kucha na kufumulia nguo, kisha tukautupa.

Tuseme tayari unao mmoja. Umenyoa nao mwezi au miwili. Kuna siku unateleza kama siagi, na kuna siku unavuta ndevu mpaka machozi yanakutoka. Sasa unataka wa pili na hujui uchague upi. Jibu limo ndani ya historia ya kifaa chenyewe, na nitalitaja mapema usije ukachoka njiani: wembe wa pili ni kipimo. Nunua ule utakaokuambia ukweli kuhusu wa kwanza.

Kwa nini wazee walimiliki nyembe mbili

Katika karne ya 19, huko Uingereza na Ufaransa, ilikuwa kawaida kuuza nyembe mbili mbili ndani ya kijaluba kimoja chenye kitambaa laini ndani. Wenye pesa walinunua sanduku la nyembe saba, kila mmoja ukiwa umeandikwa siku yake mgongoni, Jumapili hadi Jumamosi. Ukimuuliza kinyozi wa zamani sababu yake, angekuambia kwamba wembe huchoka, kwa hivyo sharti upumzike.

Chuma hakilali. Lakini desturi ile ilikuwa na akili nyuma yake. Makali ya wembe ulionolewa vizuri yana unene wa chini ya nusu ya maikroni, wakati unywele mmoja una maikroni 50 hadi 100 hivi. Makali membamba namna hiyo, ya chuma cha kaboni, hayahitaji maji mengi kuanza kushika kutu. Unyevu uliobaki baada ya kunyoa unatosha. Wembe uliofutwa na kuachwa siku nzima ukauke ulikuwa na nafuu. Isitoshe, kazi ikigawanywa kwa nyembe saba, siku ya kunoa inachelewa kufika. Na wembe mmoja ukipelekwa kwa mnoaji, mwenye nyumba hakai na ndevu wiki nzima akingoja urudi.

Sisi tunaoandika programu tunalijua jambo hili kwa jina la nakala ya akiba. Lakini nyembe mbili zina faida nyingine kubwa zaidi kwa anayeanza, nayo ni ile ile tunayoitumia kusaka hitilafu. Programu ikikwama kwenye mashine moja, unaijaribu kwenye mashine nyingine unayoiamini. Ikikwama kote kuwili, kosa liko kwenye programu. Ikikwama kwa moja tu, kosa liko kwenye mashine. Mwenye wembe mmoja hawezi kufanya jaribio hili. Ndevu zikivutwa, hajui kama ni makali, sabuni, ukanda wa ngozi, au mkono wake. Anaishia kubadilisha vyote kwa pamoja, na kesho yake hajui ni kipi kilichosaidia.

Chuma cha fundi saa

Hadi katikati ya karne ya 18, chuma cha pua cha Uingereza kilitengenezwa kwa kuoka vyuma laini ndani ya mkaa kwa siku nyingi. Kaboni iliingia kutoka nje kwenda ndani, kwa hivyo kipande kimoja kiliweza kuwa kigumu juu na laini katikati. Mafundi walikikunja na kukifua tena na tena ili kusawazisha, lakini tofauti hazikuisha kabisa.

Aliyebadilisha mambo hakuwa mtengenezaji wa nyembe. Benjamin Huntsman alikuwa fundi saa wa mji wa Doncaster, na shida yake ilikuwa springi za saa. Alihamia Handsworth, karibu na Sheffield, na katika miaka ya 1740 akafaulu kuyeyusha chuma kile ndani ya vyungu vya udongo vilivyofunikwa, katika tanuri lenye joto kali mno. Kikiwa maji, kaboni ilienea kila mahali sawasawa. Kwa mara ya kwanza huko Uingereza fundi aliweza kupata kipande cha chuma kilicho kimoja kutoka upande hadi upande.

Ungedhani watu wa Sheffield walimbeba mabegani. Hapana. Walilalamika kuwa chuma chake ni kigumu mno kufanyia kazi, wakakikataa. Huntsman akakiuza Ufaransa. Ni pale bidhaa za Wafaransa zilizotengenezwa kwa chuma chake zilipoanza kuwanyang'anya soko ndipo Sheffield ilipoamka. Kwa karibu karne moja na nusu baadaye, mji huo ulikuwa na sifa dunia nzima kwa sababu ya chuma ambacho wenyewe walikuwa wamekipa kisogo.

Sifa hiyo ilizaa matangazo. Michael Faraday, yule yule wa sumaku na umeme, alishirikiana na James Stodart, mtengenezaji wa visu wa London, kuchanganya chuma na madini mengine. Walichapisha matokeo yao mwaka 1820 na 1822. Mchanganyiko mmoja ulikuwa na sehemu moja ya fedha kwa sehemu 500 za chuma. Muda si muda, nyembe za Sheffield zikaanza kugongwa muhuri wa "Silver Steel". Maneno hayo yaliendelea kuonekana kwa miaka mingi, yakawa maneno ya biashara kama yale yanayobandikwa leo kwenye kasha la simu. Kwa hivyo ukikutana na wembe wa zamani wenye maneno hayo, yasome kama tangazo. Jiwe la kunolea na shavu lako ndiyo mahakimu.

Lakini wazo la Huntsman, kwamba chuma kiwe sawasawa ndani, limethibitishwa tena majuzi. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa jinsi nywele zinavyoharibu nyembe za kisasa. Unywele ni laini kuliko chuma kwa takriban mara 50, na bado wembe huisha. Chini ya hadubini walikuta kuwa makali hayalainiki polepole tu kama penseli. Yanabanduka vipande vidogo vidogo. Hilo hutokea pale unywele unapoweza kupinda, pembe ya kukata inapokuwa mbaya, na chuma kinapokuwa na sehemu ngumu na sehemu laini zikiwa jirani. Fundi saa wa Doncaster hakuwa na hadubini ya namna hiyo, lakini hicho cha tatu ndicho alichokuwa akipambana nacho.

Kutoka kabari hadi ubavu uliobonyea

Ukiuangalia wembe wa zamani kwa upande wa ncha, utaona umbo lake. Nyembe nyingi za Sheffield za mwanzoni mwa karne ya 19 ni kama kabari: mgongo mnene unaoshuka kwa ubavu ulionyooka hadi kwenye makali. Ni nzito na ngumu, na zinapita kwenye ndevu kimya kimya.

Baadaye, hasa mwishoni mwa karne hiyo, mafundi wa Solingen huko Ujerumani waliukamilisha mtindo mwingine. Walisaga ubavu kwa magurudumu madogo. Kadiri gurudumu lilivyo dogo, ndivyo shimo linalochimbwa ubavuni linavyokuwa na kina, na ndivyo chuma cha karibu na makali kinavyobaki chembamba. Wembe wa namna hii ni mwepesi, na ukikata ndevu unasikika ukiimba. Sauti hiyo inamsaidia mwanafunzi, kwa kuwa ikibadilika anajua pembe ya mkono wake imebadilika.

Kwa mtu anayenoa, faida ni kubwa zaidi. Wembe wa kukunja haunolewi kama kisu cha jikoni, ambapo mkono ndio unaokisia pembe. Unalazwa bapa juu ya jiwe, mgongo na makali vikigusa kwa pamoja. Unene wa mgongo na upana wa wembe ndivyo vinavyoamua pembe, ambayo kwa kawaida ni digrii 16 au 17 hivi. Kwa maneno mengine, wembe hubeba kipimo chake mgongoni. Wenye ubavu uliobonyea hugusa jiwe kwa mistari miwili myembamba tu, kwa hivyo kazi ni nyepesi. Kabari halisi inagusa chuma kingi, na anayeanza anaweza kukesha nayo bila kufika kwenye makali.

Hapo ndipo utajua kwa nini mgongo ulioliwa upande mmoja ni dalili mbaya. Aliyeunoa aliuharibu mgongo, na mgongo ndio kipimo.

Kusoma mihuri

Wembe wa zamani hubeba tarehe zake kama faili inavyobeba saa ya kuhifadhiwa, mradi ujue kuzisoma. Baadhi ya nyembe za Sheffield zina taji na herufi za mfalme. W R ni za mfalme William wa Nne, aliyetawala kuanzia 1830 hadi 1837. V R ni za malkia Victoria, 1837 hadi 1901.

Alama ya pili ni jina la nchi. Marekani ilipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, na kuanzia 1891 bidhaa zilizoingia huko zilitakiwa kuonyesha nchi zilikotoka. Ndiyo maana wembe wenye neno "England" kwa kawaida ni wa baada ya hapo, na usio na jina la nchi huenda ni wa kabla yake. Ichukue kama dalili, maana si kila wembe ulipelekwa Marekani.

Waingereza wenyewe walikuwa wametangulia na sheria yao ya mwaka 1887. Watengenezaji wa Sheffield walikuwa wamelalamika kwamba bidhaa za Wajerumani zinauzwa zikiwa na jina la mji wao. Sheria ikadai bidhaa za kigeni zisijifanye za Uingereza. Maneno "Made in Germany" yaliyokusudiwa kuwa aibu yakageuka kuwa sifa. Nao watu wa Solingen, waliokuwa wakituhumiwa kuiga, walifika mahali pa kulilinda jina lao: mwaka 1938 Ujerumani ilitunga sheria ya kulilinda jina Solingen, na ulinzi huo ukawekwa upya miaka ya 1990.

Waliolipa kwa mapafu yao

Historia hii ina upande ambao matangazo hayakuutaja. Kusaga chuma kwa gurudumu la mawe kunatoa vumbi la mawe na chuma. Mwaka 1830 daktari wa Sheffield, Arnold Knight, aliandika kuhusu umri wa wasagaji wa mji huo. Waliosaga uma, ambao walifanya kazi bila maji, walikufa wakiwa na miaka 28 hadi 32. Wasagaji wa nyembe, waliotumia maji kwa sehemu tu ya kazi, walifika 40 hadi 45. Waliosaga visu vya mezani kwa maji waliishi kati ya 40 na 50.

Soma tena takwimu hizo taratibu. Tofauti ya miaka kumi au zaidi ya uhai ilitokana na maji kwenye gurudumu. Ukishika wembe wa Sheffield wa enzi hizo, umeshika kazi ya mtu ambaye pengine hakuwaona wajukuu wake. Mimi naona hiyo ni sababu nzuri ya kuufufua wembe wa zamani ulio salama, badala ya kuuacha uliwe na kutu kwenye sanduku la mtu.

Jinsi wembe wa pili ulivyotoweka

Mwaka 1880 ndugu wa Kampfe huko New York walileta wembe wenye kinga, lakini ule bado ulihitaji kunolewa. King Gillette aliomba hataza ya wembe wa kutupa mwaka 1901, akaipata tarehe 15 Novemba 1904. Mwaka 1903 kampuni iliuza vishikio 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata iliuza vishikio 90,884. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika, serikali ya Marekani ilinunua vishikio milioni 3.5 kwa ajili ya wanajeshi wake, na vijana hao wakarudi nyumbani na mazoea mapya.

Watu wa teknolojia tunapenda kusema kwamba Gillette aligawa kishikio bure ili auze nyembe, kama kampuni za printa zinavyofanya na wino. Mwanasheria Randal Picker wa Chicago aliichunguza hadithi hiyo mwaka 2010 akakuta sivyo ilivyokuwa. Wakati hataza ilipokuwa hai, kishikio kiliuzwa dola 5, bei ghali kwa wakati ule. Bei iliteremka hataza zilipokwisha mwaka 1921 na washindani wakaingia.

Kwa vyovyote vile, swali la wembe wa pili lilikufa. Wa pili ulikuwa ndani ya pakiti ile ile, ukifanana na wa kwanza kama pacha. Na kwetu hapa, wembe wa kutupa ulikuja kuwa suala la uhai kabisa. Kampeni za ukimwi zilipotufundisha kwamba kila mtu atumie wembe wake, hakuna mtu mwenye akili aliyetaka kinyozi amnyoe kwa wembe uliopita kwenye shingo ya mwingine. Funzo hilo halijapitwa na wakati. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Usiuazime, hata kwa ndugu. Ukinunua wa zamani, usugue kwa mswaki na sabuni, uufute kwa spiriti, kisha unolewe upya kabla haujagusa ngozi yako.

Basi uchague upi?

Kwanza, badilisha kitu kimoja au viwili tu. Kama wa kwanza una upana wa inchi 5/8, yaani milimita 16 hivi, na ubavu uliobonyea kabisa, chukua wa 6/8 uliobonyea nusu. Huo ni mzito kidogo na unatulia zaidi kwenye ndevu ngumu. Ncha ibaki ya mviringo. Ncha ya pembe kali inafaa kunyolea karibu na masikio, lakini haimsamehe mwanafunzi.

Pili, usianze na kabari wala usinunue sanduku la siku saba. Hizo ni za baadaye, ukishajua jiwe.

Tatu, kwa wembe wa zamani, ulaze juu ya kioo bapa. Ukicheza, umepinda. Angalia mgongo: ulaji uwe sawa pande zote mbili na toka mwanzo hadi mwisho. Angalia makali: yaliyonyooka au yenye tabasamu dogo yanafaa, yaliyobonyea katikati achana nayo. Ufa wowote, hata kama unywele, maana yake ni hapana. Madoa ya kutu mgongoni ni sura tu, lakini vishimo vya kutu karibu na makali vitakuja kufunguka wakati wa kunoa.

Nne, jihadhari na wembe mpya unaong'aa sana, usio na jina la mtengenezaji, unaouzwa chini ya gharama ya kunolewa. Una umbo la wembe tu.

Tano, na hili ndilo muhimu kuliko yote: nunua wa pili ukiwa umenolewa tayari na mtu anayeijua kazi hiyo. Usiuguse kwa jiwe. Upitishe kwenye ukanda wa ngozi tu, taratibu, mgongo ukitangulia. Mazoezi ya kunoa yafanyie wembe wa kwanza.

Kisha nyoa kwa zamu, leo huu na kesho ule, kwa sabuni ile ile na ukanda ule ule, ukiandika kila siku mstari mmoja kwenye daftari. Baada ya kunyoa mara kumi utaona. Kama zote mbili zinavuta, rudi kwenye povu na mkono wako. Kama wa kwanza tu ndio unaovuta, mpeleke jiweni. Endelea mpaka siku utakapofumba macho, upewe mmoja ukanyolewe nao, ushindwe kusema ni upi. Siku hiyo utakuwa umejua kunoa, na wa tatu utauchagua mwenyewe bila kuniuliza.

Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Tia ya moto, tena mengi. Ndevu zilizolowa hukatika kwa urahisi. Haya, tuonane wiki ijayo.